Njiti ya Kiberiti

Mvua ya mwaka imenyesha usiku kucha juu ya Kashani,
na alfajiri hii timbo linanuka chokaa mbichi na mizizi.
Nimekuja kabla ya wenzangu, viatu mkononi,
kuusoma ukuta.

Jana magharibi niliuwekea mtego:
katika ufa ule wa juu, chini ya mvinje,
nilibana njiti ya kiberiti, ncha huku ncha kule,
imekaza kidogo tu, kama ulimi kati ya meno.

Naanza chini, kama alivyonifunza Mwachiro
kabla mgongo wake haujakataa kazi.
Napiga mtaimbo, nasikiliza.
Ngo. Jiwe limeshika jiwe.
Ngo. Ngo.
Hatua nne kuelekea mashariki: bwi,
kama kubisha hodi nyumba waliyohama watu.

Juu kuna udongo mwekundu, mzito, umeshiba.
Kati yake na matumbawe pana tabaka jembamba la kijivu
ambalo likikauka ni unga, likilowa ni sabuni.
Hapo ndipo pa kuogopa. Jiwe halina ubaya wake;
ubaya uko kwa kile kilicholala chini ya jiwe.

Maji yanatiririka ukutani. Nakinga kiganja.
Yangekuwa meupe ningeyanywa, nikaita watu.
Haya yana wekundu kidogo,
kama maji aliyosuuzia mtu kisu.
Huko ndani kuna kitu kinaondoka.

"Mawingu yameisha," Jefwa atasema, naye atavua shati.
Hajui, au anajua na ana kodi ya nyumba:
mvua ikinyesha, ukuta huuma meno.
Ni jua la saa nne, hili zuri, la kuanikia nguo,
ndilo huufungua mdomo.

Ndurya alikufa siku ya jua.
Tulikuwa tunacheka. Nimesahau tulichokicheka,
na miaka sita sasa nakitafuta.
Alikuwa ameinama kuokota tindo.
Tulipomfukua, mkono ulikuwa bado umelishika.

Napanda kwa nyuma, penye vichaka,
nafika kwenye ufa, napiga magoti.
Njiti haipo.
Labda upepo. Labda siafu.
Naiona huko chini, imejilaza gizani,
na ufa uliokuwa na upana wa njiti
leo una upana wa njiti na kidole.

Wanafika. Jefwa, Mwatela, vijana wawili wa Mwembelegeza,
na Mbeyu na birika lake na mahamri ndani ya beseni.
"Leo hatushuki," nasema.
Mawe mia mbili yameagizwa. Lori linakuja saa sita.
Mwatela ananitazama kama mwizi.
"Njiti," anasema. "Watoto wangu leo wale njiti?"

Sina jibu. Mbeyu anamimina chai, hamdai mtu.

Upande wa pili kundi la Chirau limeshuka.
Kutwa tulisikia misumeno yao.
Walipakia malori mawili, moja lilikuwa letu.
Jioni wakapita, vumbi jeupe hadi kwenye kope,
wakatupungia mikono kama watu watokao harusini.

Ukuta haukuanguka.
Si siku ile, si kesho yake, si mtondogoo.
Mwatela amehamia kwa Chirau.
Ananisalimia vizuri. Hilo ndilo linalouma.

Nami kila magharibi bado napanda,
kiberiti mfukoni. Zimebaki kumi na tisa.
Nabana moja penye ufa, nateremka polepole
nisiutikise mlima kwa haraka zangu.

Asubuhi nikiikuta imeanguka, nitaamini.
Nikiikuta imesimama,
nitapiga mtaimbo kwanza.